Sevisi ya saa ya zamani: imerudi inatembea vizuri, na nimekasirika

Mtu asije kuniambia saa yangu sasa inang'aa. Najua inang'aa, ndiyo shida yenyewe.

Nina saa mbili za bei mbaya, moja ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ya kutia ufunguo kwa mkono, nyingine ya juzijuzi tu, na kwa kuwa watu wananiuliza sana bora ipi, nilikuwa nimejipanga kuandika ulinganisho wa kistaarabu, enzi ile na enzi hii, lakini ustaarabu umenitoka kwa sababu ya kituo kimoja cha sevisi ambacho jina silitaji, wenyewe watajijua.

Ile ya zamani niliipeleka kwa jambo dogo. Ilikuwa inachelewa dakika kadhaa kwa siku, mafuta yamekauka ndani, kitu cha kawaida kabisa kwa mashine ya umri ule. Fomu ikajazwa mbele yangu: kusafisha, kutia mafuta, kurekebisha mwendo. Basi. Nikakaa, nikakaa, mwisho wakanipigia nikaichukue, nafungua kiboksi nakuta saa ya mtu mwingine.

Uso umebadilishwa. Mishale imebadilishwa. Kesi, yaani bodi ya chuma, imepigwa msasa mpaka imekuwa kioo. Uso wangu ulikuwa na maandishi madogo pale chini ya 6, T SWISS T, na zile T mbili maana yake tritium, dawa ya kung'aa gizani iliyochukua nafasi ya radium baada ya watu kushtuka kwamba radium imewaua mabinti waliokuwa wakiipaka viwandani huku wakichonga brashi kwa midomo. Tritium nayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo kwenye saa ya umri huo usiku haiwaki tena, vimebaki vidoti vya rangi ya krimu, vingine vimeanza kwenda kahawia, na kile cha saa 9 kwenye yangu kilikuwa na ufa mwembamba ambao nikiuona tu najua hii ni yangu. Sasa hivi pameandikwa SWISS MADE na vidoti ni vyeupe pee, usiku vinawaka kijani utafikiri kibao cha mlango wa dharura.

Halafu ile miguu inayoshika mkanda. Ilikuwa na ukingo uliokatwa kwa pembe, ukipitisha kucha unausikia kabisa unapoanza na unapoishia. Umeliwa wote, umelainika. Uso pengine unaweza kupatikana ukarudishwa, ila chuma kilichosagwa hakirudi, hicho kimeenda na vumbi la mashine yao.

Dada wa kaunta ananiambia, "Lakini kaka si imekuwa mpya? Wenzako wanalipia hivi hivi." Nikamuuliza uso wangu wa zamani uko wapi. "Spea za zamani huwa haturudishi, ni utaratibu." Utaratibu gani ambao haukuandikwa kwenye fomu niliyosaini? Akaitwa msimamizi, huyo ndiye aliyenimaliza, hakusalimia wala hakuniangalia, aliishika saa akaigeuza geuza akasema, "Bosi, ile ilikuwa imechakaa, tumekusaidia." Tumekusaidia! Jamani. Akaongeza eti tritium ni hatari. Sawa, kama hoja ni hatari mngenipigia simu, namba yangu mnayo, mbona ya kuja kulipa mlinipigia?

Kwa wasiofuatilia haya mambo wanaweza kuona nakuza. Ile saa ya Rolex Daytona ya Paul Newman, staa wa sinema, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa dola zaidi ya milioni 17. Jina la mwenyewe lilichangia sana, sikatai, lakini hata Daytona nyingine zenye uso wa aina ile, ambazo hazijawahi kuvaliwa na staa yeyote, zinauzwa mbali mno kuliko zenye uso wa kawaida wakati mashine ndani ni ile ile. Kwenye saa za zamani uso ndio saa. Ukiutupa umetupa saa umebakiza injini.

Na kuna kitu nilikiona wakati nimesimama pale nangoja msimamizi ndicho kilichonifanya nishindwe hata kujibu vizuri. Kwenye kabati lao la kioo, palepale kaunta, kuna saa mpya kabisa ambayo vidoti vyake vimepakwa rangi ya krimu kiwandani ili ionekane ya zamani! Krimu yangu ya kweli, ya miaka hamsini na ushee, imeenda kwenye pipa, ya kupaka inauzwa hatua mbili kutoka pale. Nilimwonyesha yule msimamizi kwa kidole. Akadhani nataka kuinunua.

Halafu namkumbuka Charles Vermot wa Zenith, kampuni ya saa ya Uswisi. Miaka ya 1970, saa za betri zimeshavuruga soko, tangu Seiko walipotoa ya kwao, Astron, siku ya Krismasi 1969, wakubwa wakaamuru vifaa vya kutengenezea mashine ya El Primero viondolewe, yeye akavipandisha darini kimyakimya akavificha. Miaka ya 1980 mashine ikafufuka kwa vifaa hivyo hivyo, na mwaka 1988 ikaingia ndani ya Daytona za Rolex. Mfanyakazi alihatarisha kibarua chake ili vitu vya zamani visitupwe, na hawa wanatupa cha mteja bila hata kuuliza.

Haya, ulinganisho. Kwa kuvaa tu, chukua mpya, sina ubishi. Kioo cha safaya hakichubuki ovyo, wakati ile ya zamani kioo chake ni plastiki, ukigusa ukuta tu kimeshapata mchoro (ingawa unakisugua kidogo unaisha, safaya ikipasuka imepasuka). Sumaku ndiyo tofauti kubwa. Ya zamani ukiilaza karibu na spika, hairspringi, ile springi nyembamba inayoongoza mwendo, inanasana, kesho yake inakimbia kama imechanganyikiwa. Baadhi ya mpya hairspringi yake ni ya silikoni, sumaku haiijui, Omega wana zinazovumilia gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ukitaka amani ya moyo nunua mpya uachane na mafundi.

Ila ngoja. Utaachana nao vipi? Hairspringi ya chuma fundi mzuri anainyoosha kwa kibano, anairudisha kwenye umbo lake, kazi imeisha. Ya silikoni hainyooshwi, inavunjika, unabadilisha nzima, na hiyo nzima utaitoa wapi kama kampuni haimuuzii spea fundi wa nje? Utarudi kaunta ile ile. Kwa maana hiyo saa mpya ndiyo imefungwa zaidi mikononi mwa watu wa "utaratibu", na ya zamani angalau fundi yeyote mwenye macho na mkono uliotulia anaiweza. Kwa hiyo nafuta nililosema, nunua ya zamani, mtafute fundi wako, mwandikie kwa herufi kubwa USIGUSE USO, USIPIGE MSASA, na upige picha kila pembe kabla hujaiacha.

Nawapa nyota moja. Nilitaka kuwapa mbili kwa ajili ya fundi aliyeko kule nyuma, maana mashine inatembea safi sana, inapishana sekunde chache tu kwa siku, haijawahi kutembea hivi tangu niwe nayo. Ila huenda ndiye huyo huyo aliyeshika msasa. Moja, na uso wangu nautaka.