Chaneli 12 za ami, chaneli 66 za dukani: uzoefu wangu na GPS ya baharini

Ingia duka lolote la vifaa vya elektroniki hapa Mombasa uulizie GPS ya mkononi, utatajiwa chaneli kabla ya kitu kingine. Hii ina 12, ile ina 66, ile pale juu ina 72, na bei inapanda nazo. Mimi nilitaka kifaa cha kwenda nacho baharini. Tunavua mshipi nje ya mwamba na ami yangu, na kuingia mlango wa Mtwapa usiku si jambo la kubahatisha. Nimetumia cha ami, cha zamani, chenye chaneli 12; nikaazima cha chaneli 66 kwa jirani; kisha nikanunua Garmin eTrex 22x.

Chaneli moja kazi yake ni kushika setilaiti moja na kuifuata. Ili ujue ulipo, pamoja na kimo, zinatakiwa setilaiti 4. Za GPS zinazofanya kazi ni kama 31, kilomita 20,200 hivi juu yetu, lakini wakati wowote nyingi zimejificha upande wa pili wa dunia. Ukiwa mahali peupe unazipata 8, 10, zikizidi sana 12 au zaidi kidogo. Sasa kifaa kinachosoma GPS tu, chaneli zilizobaki zitafuata nini?

Hilo tulilishuhudia baharini. Tuliviweka cha ami na cha jirani juu ya ubao mmoja wa boti, tukafungua ukurasa wa setilaiti. Vijiti vilivyosimama, kila kimoja kikionyesha nguvu ya setilaiti moja, vilikuwa karibu sawa, na sehemu tuliyotia nanga vikaitaja kwa tofauti ya mita chache tu. Cha chaneli 66 kilishinda mwanzoni kabisa, kwenye kuwaka, kwa sababu chaneli nyingi zinatafuta setilaiti nyingi kwa mpigo. Hata hapo kuna kikomo: setilaiti hutuma data ya njia yake polepole, biti 50 kwa sekunde, na ujumbe huo hurudiwa kila sekunde 30. Kifaa kilichozimwa muda mrefu, kisichosaidiwa na intaneti kama simu, lazima kiusubiri.

Mji wa Kale ndio ulionipa jibu. Ukishaiacha Ndia Kuu ukaingia vichochoro vyenyewe, mbingu inabaki utepe mwembamba kati ya roshani. Vyote viwili vilianza kutangatanga. Kimoja kikaniweka ndani ya nyumba za watu. Setilaiti zilizoonekana zilikuwa chache, tena zimejipanga mstari mmoja, na mawimbi mengine yalikuwa yanadunda kwenye kuta kwanza. Chaneli 66 hazibomoi ukuta. Nilipopita na 22x baadaye, ilishikilia njia vizuri zaidi, kwa kuwa inasoma pia GLONASS, mfumo wa setilaiti wa Urusi, na kwenye utepe uleule wa mbingu inapata setilaiti nyingi zaidi. Katika maelezo yake sikuona hesabu ya chaneli ikipigiwa debe.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba, mwulize inasoma mifumo gani. GPS peke yake, au na GLONASS, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China? Ikiwa yote minne, setilaiti zinazoonekana kwa pamoja zinaweza kupita 30, na hapo chaneli nyingi zina kazi. Mwulize pia kama inapokea masafa mawili ya mawimbi, L1 na L5, maana setilaiti moja itakula chaneli mbili. Hiyo si anasa kwetu tulio karibu na ikweta: tabaka la juu la anga huchelewesha na kuyumbisha mawimbi zaidi huku, hasa baada ya jua kutua, na masafa mawili hukisaidia kifaa kuupima ucheleweshaji huo. 22x haina L5. Kwa mshipi inanitosha; kwa kupima mipaka ya shamba nisingeitegemea.

Na ukiambiwa uongeze pesa kwa sababu ina WAAS, usihangaike. Huo ni mfumo wa Marekani wa kusahihisha vipimo vya GPS, na masahihisho yake hayakuhudumii wewe wa Mombasa.

Kilichobaki ni mambo ya mkononi. 22x inatumia betri mbili za AA, zile za dukani kwa Mpemba, na Garmin wanasema hukaa mpaka saa 25. Kioo ni cha inchi 2.2, ami inabidi avae miwani. Vitufe navipenda, kwani kidole kilicholowa maji ya chumvi na utumbo wa chambo hakielewani na kioo cha kugusa.

Kabla hujalipa, omba utoke nacho hadi kando ya barabara, fungua ukurasa wa setilaiti, uhesabu vijiti vilivyojaa. Muuzaji asiyetaka kivuke mlango wa duka, mwachie nacho.