Mankozebu kwa mawaridi: kinga nzuri, lakini si tiba

Mwanzoni mwa Aprili nilinunua pakiti ya nusu kilo ya mankozebu ya asilimia 80, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, katika duka moja la pembejeo Kariakoo, baada ya mawaridi yangu ya Mbezi Beach kushikwa na ukungu wa madoa meusi. "Dada, wiki moja tu majani yatapona," alinihakikishia muuzaji. Hayakupona, kwa kuwa mankozebu haipenyi ndani ya jani. Hukaa juu yake na kuzuia mbegu za ukungu zisiote, hivyo jani lililokwisha kushambuliwa halitibiki hata likipuliziwa kila siku.

Dawa yenyewe siilaumu. Niliokota majani yote yaliyoanguka, nikakata yenye madoa, kisha nikapulizia machipukizi kwa gramu 40 katika bomba la lita 16, kama kibandiko kilivyoelekeza, nikirudia kila baada ya siku saba kwa sababu mvua za masika huiosha. Unga wake hutuama chini ya bomba na kuziba pua, kwa hiyo ni lazima kulitikisa mara kwa mara, na upande wa chini wa jani usisahauliwe. Kufikia mwisho wa Mei matawi yalikuwa na majani mabichi tangu chini hadi juu, ingawa yamebaki na utando wa manjano usiopendeza kwa anayetarajia wageni bustanini.

Sehemu ya mafanikio hayo, nakiri, ilitokana na maji. Ukungu huu huhitaji jani libaki na unyevu kwa takriban saa 7 ndipo uote, na kijana wetu wa bustani alikuwa akiyamwagia majani maji kwa mpira kila magharibi, yakalala yameloa. Sasa anamwagilia alfajiri, shinani tu.

Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha dawa hii mwaka 2020 kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na homoni, kwa hiyo mimi huvaa glavu na barakoa, na watoto hawaingii bustanini mpaka majani yakauke.

Nitainunua tena Oktoba, kabla ya vuli, ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa na yenye namba ya usajili. Muuzaji yule alitaka kwanza kunipimia kwenye mfuko wa nailoni usio na maelezo yoyote. Dukani kwake sirudi.