Nimejaribu dawa za kuosha alumini ya injini hapa Nakuru, hizi ndizo zimenifaa

Wacha niseme mapema ndio mwenye haraka aende zake: kama uko na kava za injini zimeshika oili nyeusi na ule unga mweupe wa alumini iliyoanza kulika, nunua mafuta taa, brashi ya nailoni, sabuni ya unga, msasa wa maji na tyubu moja ya Autosol, ile polishi ya chuma. Hizo zingine nyingi wanakuuzia ni za kumaliza pesa, na kuna mbili tatu zitakumalizia kava pia. Alama nitatoa nikiendelea.

Nilikuwa naosha injini ya Honda CG125 ya zamani, ile ya pushrodi (vijiti vya kusukuma vali), ndio mama ya hizi boda za Kichina tunapanda kila siku ju Honda waliitoa 1976 na Wachina wakainakili mpaka wakachoka, kwa hivo hata kama yako ni boda ya kawaida haya maneno yanakuhusu. Ilikuwa imelala nje huku Free Area miaka mingi. Na vumbi la Nakuru mnalijua, ikifika Januari upepo ukianza linaingia mpaka kwa kikombe cha chai, sasa likipata injini inavuja oili kwa gasketi ya silinda linashikana hapo linakauka, tabaka juu ya tabaka, mpaka hata namba ya injini huwezi soma.

Kwanza skrubu ju hapo ndio watu wanaharibikia. Zile skrubu za msalaba za Honda za kitambo zinafanana na za kawaida lakini ni za kipimo cha Kijapani, JIS, bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, inateleza inakula kichwa. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, maduka ya spea za boda wako nayo, igonge na skrubu itaachilia. Ukirudisha weka bolti za aleni (zile za tundu la pembe sita) za M6 usahau hio shida kabisa.

Haya, mafuta. Mafuta taa naipatia 9 kwa 10. Unaweka kava kwa karai, unamwagia, unaacha ilale, asubuhi yake unasugua na brashi ya nailoni na kijiti cha mbao kwa kona, uchafu unatoka vipande vipande. Dizeli pia inafanya kazi lakini inaacha utelezi ambao unakusumbua baadaye kwa sabuni. Petroli achana nayo tafadhali, najua mafundi wengi wanaosha nayo na sigara iko mdomoni, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini kwa chini mpaka upate jiko la jirani, na kwa ploti zetu jiko haliko mbali. Ukimaliza na mafuta taa osha na maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, suuza, kausha kwa jua. Suuza na maji ya mvua kama uko nayo, yale ya kisima cha kuchimbwa yakikauka yanaacha madoa meupe.

Kuna pia ile dawa ya chupa ya kutoa grisi wanauza hadiwea, ya kuchanganya na maji. 6 kwa 10. Inafanya haraka kuliko mafuta taa, shida ni kwamba nyingi ziko na alkali kali na ukiiacha ikauke juu ya alumini unapata madoa ya kijivu hayatoki na kuosha. Ikiwa lazima, ichanganye kama chupa inavyosema, dakika chache tu, usuuze ukiwa bado umesimama hapo.

Sasa kuhusu kostiki soda. Hii nimeona watu wakishauriana ati inatoa oili yote kwa nusu saa, na ni kweli oili inatoka, lakini inatoka na alumini yako. Kostiki na alumini zikikutana zinachemka zenyewe, zinatoa haidrojeni, na hio ni gesi inawaka. Alumini ya injini iko na silikoni ndani yake, kwa hivo ile kava inabaki nyeusi ti ti ti kama imepakwa masizi. Ukitaka kuamini bila kuharibu kitu ingia jikoni uangalie sufuria ya githeri, ile mama anaweka magadi ndio mahindi yaive haraka, ndani imekuwa nyeusi. Kisha uangalie ile ya kupika nyanya na ndimu, inang'aa. Magadi ni alkali, ndimu ni asidi, na hio ndio sayansi yote unahitaji kwa hii kazi. Kostiki: sufuri kwa 10. Na dawa ya kuosha oveni soma chupa, nyingi ni kostiki hio hio imevaa nguo ingine.

Tukiwa kwa asidi basi. Ndimu inafanya kazi, sikutanii. Nilitumia ule unga wa asidi ya sitriki, ile ya chakula, kijiko kimoja au viwili kwa lita ya maji moto, kava inalala humo dakika kama kumi na tano huku unasugua na brashi, ule unga mweupe unalainika na rangi inafunguka kiasi. Haikupi kioo, usidanganyike, inakupa alumini safi ya kijivu, na lazima oili iwe imetoka yote kwanza la sivyo asidi inapita juu tu. 7 kwa 10. Binamu yangu wa Kondele kule Kisumu anaapa na soda nyeusi, na ni kweli iko na asidi ya fosfori, lakini ni kidogo na unabaki na injini inanata sisimizi wakifurahia. Kunywa soda yako.

Ile asidi ya kuosha tiles na vyoo usilete karibu, ni ya haidrokloriki, inachimba mashimo madogo madogo. Maji ya betri vilevile. Na sasa nisikizeni vizuri hapa ju hii si mambo ya kava tena: kuna dawa za kung'arisha rimu zinauzwa kwa chupa za plastiki hazina hata karatasi ya maelezo, unapulizia alumini inakuwa nyeupe hapo hapo kama muujiza. Zingine ziko na asidi ya haidrofloriki. Hio ikikugusa inaweza isiwashe saa hio, unaenda zako, uchungu unakuja masaa baadaye ikiwa imeshaingia ndani inatafuta kalsiamu ya mifupa. Imeua watu. Ukiona chupa haisemi kuna nini ndani, sijali jamaa wa kuosha magari anaisifu namna gani, iache kwa rafu. Siipatii alama hata.

Kupuliza mchanga nilifikiria pia, kuna mafundi wa jua kali wako na kompresa wanafanya, na kwa rimu au fremu ni sawa. Kwa kava na keisi ya injini sikupeleka. Mchanga wa kawaida unaacha alumini imekwaruzika kama ukuta, na chembe moja ikibaki kwa njia ya oili inaenda moja kwa moja kwa beringi, injini imekufa. Wenzetu wa nje wanatumia shanga za kioo zimechanganywa na maji, inatoka laini sana kama imetoka kiwandani, au wanapuliza magadi laini ya kuokea ju hio ikibaki inayeyuka na maji. Huku kwetu sijapata mtu wa hio ya maji. Ukipata fundi anapuliza mchanga bila barakoa ya maana mhurumie, lile vumbi linamaliza mapafu.

Msasa sasa, hapa ndio kazi iko na hapa ndio utapenda au utachukia. Kabla hujaanza angalia kama kava iko na vanishi ya kiwanda. Hizi kava nyingi za pikipiki zilitoka zimepakwa vanishi isiyo na rangi, na ukiona mistari myeupe kama mizizi chini ya kitu kinachong'aa, ni maji yameingia chini ya vanishi na alumini inalika huko chini. Mtu anapaka polishi hapo wiki nzima hakuna kitu inafanyika, ju anapolishi vanishi! Itoe na dawa ya kutoa rangi, vaa glavu, fanya nje, isugue na brashi, suuza. Halafu ndio msasa.

Mahali pamechimbika anza na namba 240 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi), kama ni safi anza 400, kisha 800, kisha 1200, ukiwa na moyo malizia 2000. Yote kwa maji na tone la sabuni, ju alumini ni laini inajaza msasa haraka, na pia vumbi kavu la alumini ni kitu inaweza kulipuka na hutaki kulivuta. Ujanja ni huu: kila ukibadilisha namba badilisha mwelekeo, kama 400 ulienda juu chini basi 800 nenda kushoto kulia, mikwaruzo ya zamani ikiisha yote ndio unaenda mbele. Ukiruka namba utajua tu mwisho ukishapaka polishi, mistari inatokea yote na unarudi nyuma. Karatasi moja haifiki shilingi mia na kava moja inakula chache. 10 kwa 10, nusu ya hizo alama ni za mikono yangu.

Brashi ya waya ya chuma usitumie, inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, mvua ya kwanza unaona madoa ya kutu unashangaa alumini imeshika kutu aje. Ya shaba ni sawa, hasa kwa zile sehemu zenye mabonde ambazo msasa hauingii. Na pale gasketi inakaa usiguse na msasa hata kidogo, huko gasketi ya zamani inatolewa na mafuta taa, subira na kadi ya plastiki iliyoisha muda. Ukipasugua pale hapatakuwa tambarare tena na oili itavuja mpaka uuze pikipiki.

Autosol ni ya Wajerumani, tyubu ya ml 75, bei si ya mchezo lakini inaenda mbali sana ju unaweka kidogo tu kwa kitambaa cha fulana ya pamba. Unasugua mpaka kitambaa kiwe cheusi, hio nyeusi ni alumini yenyewe inatoka, unafuta na kitambaa kingine safi, unarudia. Kava ya klachi ilitoka mpaka nikanyolea ndevu hapo, mke akaniuliza kama na vikombe vya nyumba nitavipolishi. 9 kwa 10. Ile moja nimetoa ni ju haidumu, alumini tupu inafifia ikinyeshewa, lazima urudie kila baada ya muda au upake nta ya gari juu yake.

Silinda na hedi, zile ziko na mapezi ya kutoa joto, usihangaike kupolishi, zisafishe tu na uache hivo, au upake nyeusi ya kustahimili moto, safu nyembamba. Rangi nzito hapo inazuia joto kutoka na hii injini inapozwa na upepo tu.

Ya mwisho ni rangi ya silva ya kopo. Mvivu atapenda, na kwa mbali inapendeza. Lakini nunua ya injini ambayo kopo linaonyesha kiwango cha joto, na alumini haishiki rangi vizuri bila praima yake, rangi ya kwanza ya chini, ile yenye asidi kidogo ya kung'ata. Silva ya kawaida ya mageti inabanduka kwa maganda na petroli ikiidondokea inalainika. 5 kwa 10 na hapo nimekuwa mkarimu. Mwenye ako na kava zimechimbika vibaya sana anaweza kuitumia kuficha, wengine rudini kwa msasa.