Mac, Windows au Chromebook: Kompyuta Ipimwe kwa Miaka Yake ya Mwisho

Ushindani kati ya aina mbili kuu za kompyuta binafsi umedumu kwa zaidi ya miaka 40, na chanzo chake bado kinaonekana katika mashine zinazouzwa leo. Mwezi Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta iliyotumia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel na mfumo endeshi wa Microsoft, kampuni ambayo baadaye ilileta Windows. Kwa kuwa sehemu zake nyingi zilipatikana sokoni, haukupita muda mrefu kabla Compaq na wengine hawajaanza kutengeneza mashine zilizoendesha programu zilezile. Apple ilipoleta Macintosh mwezi Januari 1984 ilishika njia nyingine, ambayo kwa sehemu kubwa inaifuata hadi sasa: mashine na mfumo wake hutoka kwa mtengenezaji mmoja. Kwa sababu hiyo, anayesema anataka kompyuta ya Windows bado hajasema mengi, kwani jina hilo linakusanya mashine imara pamoja na mashine hafifu za kulipua. Anayesema anataka Mac amesema karibu kila kitu, isipokuwa ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) na wa diski, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Katika tathmini hii sikutilia maanani sana kasi ya siku ya kwanza, kwa sababu karibu kila kompyuta mpakato mpya yenye diski ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka, huonekana nyepesi siku hiyo. Nimejiuliza maswali mawili tu: mtengenezaji ataipa masasisho ya usalama hadi lini, na mwenye mashine au fundi wake anaweza kubadilisha nini itakapoanza kuchoka?

Kwa upande wa Mac, mwaka 2020 ulibadilisha mambo. Mwezi Novemba mwaka huo Apple ilianza kuuza mashine zenye prosesa yake yenyewe, M1, badala ya zile za Intel ilizokuwa ikizitumia tangu 2006. MacBook Air ya aina hiyo haina hata feni, hivyo haipigi kelele wala haivuti vumbi ndani, na chaji yake huwatosha watu wengi kwa siku nzima ya kazi za ofisini. Ni mashine nzuri kweli, nami sioni sababu ya kuficha hilo. Tatizo ni kwamba RAM yake imefungwa pamoja na prosesa, na chipu za diski zimelehemiwa kwenye ubao mkuu, hivyo fundi wa kawaida hawezi kuongeza chochote. Mnunuzi analazimika kukisia, siku ya kununua, mahitaji yake ya mwaka wa sita. Kwa miaka mingi MacBook Air za kiwango cha chini ziliuzwa na RAM ya GB 8. Ilipofika Oktoba 2024 ndipo Apple ilipopandisha kiwango hicho hadi GB 16, na kwangu mimi hicho ndicho kiwango cha kuanzia kwa mtu anayetarajia kukaa na mashine yake. Ile ya GB 8 itamfaa mwandishi wa barua na msomaji wa kurasa za mtandao, lakini atakayefungua kurasa nyingi huku akihariri picha ataanza kungoja mapema.

Mac za zamani zenye prosesa ya Intel ni habari nyingine kabisa. Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS Tahoe, toleo la 2025 la mfumo endeshi wa Mac, ndilo la mwisho kuzipokea, tena si zote bali chache tu. Kwa desturi toleo lililopita huendelea kupata masasisho ya usalama kwa muda, lakini anayenunua mashine hiyo leo ananunua mkia wa safari.

Kwa upande wa Windows, jina la kampuni kwenye kifuniko halitoshi kumwongoza mnunuzi. Kampuni ileile huuza mashine za ofisini, kama ThinkPad za Lenovo au Latitude za Dell (zilizobadilishwa jina kuwa Dell Pro mwaka 2025), ambazo nyingi hufunguliwa kwa skrubu za kawaida na kuwa na nafasi ya kubadilisha diski, betri na mara nyingi RAM. Na hiyohiyo huuza mashine za plastiki laini zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Viwango hivyo viwili ndivyo vya chini kabisa vinavyoruhusiwa na Windows 11, na mashine ya namna hiyo huanza kukosa nafasi ya kupokea masasisho kabla mwenyewe hajaweka mafaili yake. Nashauri isinunuliwe kwa bei yoyote. Hata mashine za ofisini zikaguliwe, maana zile nyembamba za miaka ya karibuni nazo zimeanza kulehemiwa RAM.

Anayenunua iliyotumika asikubali kuambiwa “ni Core i7”, yaani daraja la prosesa za Intel, akaishia hapo. Namba ya kuangalia ni ile inayofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11, ambayo kwa kazi nyingi huiacha mbali i7 ya kizazi cha 4 hata kama muuzaji anaisifia kwa sauti kubwa. Mpaka wenyewe ni mkali, kwani Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, inakubali kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha vighairi vichache. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi zilizo nzima zimeachwa nje kwa masharti hayo, na sokoni zinaendelea kuuzwa bila mnunuzi kuelezwa.

Umuhimu wa masasisho ulionekana Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya kompyuta za Windows katika nchi nyingi. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro iliyotumiwa na WannaCry, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliobaki na matoleo yaliyokwisha kuachwa. Kwa hiyo nikisikia kwamba Mac haipati virusi, huuliza kwanza kama Mac inayozungumziwa bado inapokea masasisho.

Kuna watu ambao hawana uchaguzi, kwa kuwa programu ya kazi imekwisha kuwachagulia. Wahandisi wanaotumia programu za usanifu za SolidWorks au Revit wanahitaji Windows, na mhasibu aliyejenga hesabu zake kwa zana za data za Microsoft, Access au Power Pivot, hatazikuta zana hizo kwenye Mac. Kinyume chake, Final Cut Pro na Logic Pro, programu za Apple za kuhariri video na muziki, haziko Windows. Njia ya zamani ya kuweka Windows moja kwa moja ndani ya Mac, yaani Boot Camp, haipo kwenye prosesa mpya za Apple. Wanaohamisha mafaili kati ya pande hizi mbili waandae diski yao ya nje kwa muundo wa exFAT, unaoandikika pande zote mbili, kwa sababu Mac husoma NTFS, muundo wa kawaida wa diski za Windows, bila kuweza kuandika juu yake.

Chromebook, kompyuta mpakato zenye mfumo endeshi wa Google zilizoanza kuuzwa mwaka 2011, zinamfaa mwanafunzi au mtu ambaye kazi yake yote iko ndani ya kivinjari na ana intaneti ya kutegemewa. Google hutoa masasisho kwa miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu familia ya kifaa ilipotolewa, wala si tangu siku ya kukinunua. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye mipangilio. Isomwe kabla ya malipo.

Uamuzi wangu, basi, unaelemea upande mmoja. Asiyebanwa na programu maalumu, na anayeweza kumudu GB 16, achukue MacBook Air. Mwenye fedha kidogo achukue mashine ya ofisini iliyotumika, ya Windows, ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye nafasi ya kuongeza RAM. Siku Windows itakapoikataa, itapokea Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, ambayo matoleo yake ya LTS (ya msaada wa muda mrefu) hupewa masasisho kwa miaka 5 bila malipo, ingawa programu za Adobe kama Photoshop hazitamfuata huko.

Ukaguzi wa iliyotumika ufanywe mbele ya muuzaji, mashine ikiwa imewashwa. Kwenye Mac, angalia idadi ya mizunguko ya chaji, kwani betri zake zimekadiriwa kwa mizunguko 1,000, kisha hakikisha akaunti ya mwenye zamani imeondolewa, la sivyo mashine inaweza kujifunga ikifutwa. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport, inayoandikwa kwenye dirisha la amri, hulinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Na ikionyesha mahali popote kwamba inasimamiwa na shirika fulani, irudishe mezani hadi muuzaji alete uthibitisho kwamba shirika hilo limeiachia.