Forester XT yangu na turbo kubwa: pistoni za kiwandani zimehimili, ila kwa masharti

Niliweka turbo kubwa (pampu inayosukumia injini hewa zaidi) kwenye Subaru Forester XT yangu bila kupangua injini. Ni SG5, yaani Forester ya kizazi cha pili, ya gia za mkono, yenye injini ya EJ205 ya familia ya EJ ya Subaru. Pistoni, konrodi na krenki ni zile zile zilizotoka Japani. Gari limepanda Mai Mahiu likiwa na familia nzima na mizigo, limeshuka Mombasa na kurudi, na komprasheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya zote nne bado inakaribiana. Kwa hiyo wanaosema EJ hupasuka ukiigusa tu, sikubaliani nao. Wale wengine wanaosema inabeba chochote ndio waliojaza gereji zetu na Subaru zilizolala bila injini.

Kiwandani gari hili lilitoka na farasi 220 na torki ya Nm 309. Niliongeza turbo ya IHI ya jamii ya VF iliyotolewa kwenye STI (Impreza ya nguvu zaidi), intakula ya STI (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), injekta kubwa zaidi, pampu ya petroli ya Walbro ya lita 255 kwa saa, na bomba la ekzosi la inchi tatu. Kisha fundi akaandika upya programu ya kompyuta ya gari likiwa juu ya dainomita, mashine ya kupimia nguvu. Tulipata farasi 235 kwenye magurudumu, bila masahihisho ya mashine.

Hayo masahihisho mfundishwe mapema. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na hewa yake ina mgandamizo mdogo kuliko wa pwani kwa karibu asilimia 18. Mashine za kupimia huweza kuongeza hesabu ili kufidia hewa hiyo iliyopungua, na kwa injini isiyo na turbo ni haki kabisa. Lakini turbo tayari imeshafidia sehemu kubwa yenyewe kwa kuzunguka kasi zaidi, kwa hiyo hesabu inafidiwa mara mbili. Ndiyo maana kuna vijana wanatembea na karatasi za farasi 300 ambazo injini zao hazijawahi kuzitoa. Ukipimiwa, omba namba isiyosahihishwa.

Sasa kilichomo ndani. Pistoni za EJ205 ni za kumiminwa kwenye kalibu, si za kufuliwa. Zinavumilia mgandamizo mkubwa vizuri tu mradi mchanganyiko wa hewa na petroli unaungua kwa mpangilio. Kinachoziua ni mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kishindo hicho hupiga ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na ukingo hukatika kama kigae. Gari litaendelea kutembea, ila litakunywa oili na kutoa moshi, na wengi huiona silinda namba 4 ikitangulia. Kwa hiyo ukiuliza "inabeba farasi wangapi?" swali halijakamilika. EJ205 yenye farasi 280 na programu safi itaishi kuliko yenye 240 ambayo inalipuka ovyo kila ukikanyaga.

Na hapa ndipo safari ya Mombasa inapokuwa mtihani. Geji ya bosti (mgandamizo unaoongezwa na turbo) hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Bosti ya baa 1 ukiwa Nairobi ni jumla ya baa 1.8 na kidogo ndani ya injini. Baa 1 hiyo hiyo ukiwa Mombasa ni jumla ya baa 2. Kama bosti yako inashikiliwa na ile valvu ya kufunga kwa mkono, geji haitakuonyesha tofauti yoyote, lakini injini inameza karibu asilimia kumi zaidi, tena kwenye joto la pwani na intakula iliyokaa juu ya injini. Kompyuta inaingia kwenye safu za jedwali la programu ambazo fundi hakuwahi kuzifikia akiwa Nairobi. Rafiki yangu mwenye Impreza alikata pistoni hivyo hivyo baada ya Voi, na gari lilikuwa limepimwa likapita. Langu linaendeshwa bosti na kompyuta, na nilimwambia fundi azipunguze makali zile safu za juu hata kama Nairobi hatuzigusi. Tuliposhuka nalo pwani tukirekodi data, sensa ya kunoki, inayosikia ile milipuko ya ovyo, ilitulia.

Petroli nayo. Gari hili lilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haitakiwi kupungua oktani 96. Mimi nalinywesha V-Power, petroli ya daraja la juu ya Shell. Nikiikosa barabarani, naweka ya kawaida na ninaendesha kistaarabu hadi tangi liishe, hakuna cha kumkimbiza mtu.

Oili ndiyo sababu ya pili ya vifo vya injini hizi, na haijali kama una turbo kubwa au ndogo. Krenki ni fupi na beringi zake ni nyembamba. Kabla ya kuongeza nguvu nilishusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kubadilisha bomba la kufyonza oili, kwa sababu yale ya zamani hupata ufa kwenye maungio, yakaanza kuvuta hewa. Vichujio vidogo vilivyo kwenye boliti za njia ya oili ya turbo vilikaguliwa pia. Namwaga oili kila kilomita 5,000, na kijiti nakichomoa kila ninapojaza tangi.

Jamaa wa Toyota Mark II JZX110 watacheka, najua. Injini yao, 1JZ-GTE, ina bloku ya chuma cha kumimina na beringi saba za krenki, sisi tuna tano na bloku ya alumini iliyo wazi juu. Na anayenikumbusha kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, injini ile ilikuwa ya mashindano, haina undugu na ya duka.

Ningeipa EJ205 ya kiwandani nyota nne kwa mtu anayetaka farasi kati ya 260 na 300 kwenye krenki, yaani kabla nguvu haijapotea njiani kwenda magurudumuni. Ukitaka 350, usipoteze pesa kwenye turbo kwanza. Tafuta bloku ya EJ207 ya STI, ambayo juu imezibwa nusu, uitie pistoni za kufuliwa. Na kwa kuwa sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka minane hairuhusu tena SG5 kuingia nchini, utakayonunua imeshapita kwa mtu au watu ambao hujui waliichezea vipi. Lipia kipimo cha komprasheni na cha uvujaji kabla hujalipia gari.

Kitu pekee kwenye langu kinachonitia wasiwasi ni giaboksi ya gia tano. Ya tatu imeanza kuimba nikikanyaga kutoka spidi ya chini, kwa hiyo fundi amenipunguzia bosti chini ya mizunguko 3,500, na giaboksi ya gia sita ya STI naitafuta Kirinyaga Road taratibu.