Laravel baada ya misimu miwili ya dagaa Kibirizi

Kikundi cha wachuuzi wa dagaa ninachokihudumia Kibirizi, hapa Kigoma, hutunza hesabu zake kwenye mfumo mmoja wa kompyuta: nani ameleta magunia mangapi, yalikuwa na uzito gani, yapi yamepakiwa kwenda Dar es Salaam na nani bado anadaiwa. Kwa miaka mingi mfumo huo uliendeshwa na kurasa za PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nilizoziandika mwenyewe bila kiunzi chochote, yaani msimbo ulio tayari wa kujengea mfumo juu yake, hadi Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Biashara ilipotulia, nikapata nafasi ya kuuandika upya kwa Laravel, kiunzi cha PHP, toleo la 11, lililotoka Machi mwaka huohuo. Naipima kwa kipimo kimoja tu: inamfaa kiasi gani mtu anayefanya kazi peke yake, mbali na wenzake wa fani, kwa intaneti ya bando na seva ya kupanga inayolipiwa mara moja kwa mwaka.

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya tovuti yake binafsi, na kwa muda mrefu ilimwachia mwandishi uhuru wa kuchanganya kila kitu katika faili moja. Nami nilichanganya. Mbaya zaidi, nilitegemea amri za zamani za kuwasiliana na hifadhidata ya MySQL, ambazo ziliondolewa kabisa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Kampuni iliyonipangisha seva ilipopandisha toleo kwa taarifa ya siku moja, kurasa zote zilibaki nyeupe. Zilikuwa siku za giza, ambapo mitumbwi hurudi na mzigo mkubwa kwa kuwa dagaa huifuata taa vizuri pasipo na mwezi, na wachuuzi walirudi kwenye madaftari kwa siku nne. Ilinipasa kuwa nimejiandaa mapema, lakini siku moja ni muda mdogo mno kwa kazi ya namna hiyo.

Laravel, iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011 na kutolewa bure kwa leseni ya MIT, inanibebea mambo ambayo mtu mmoja huyasahau. Blade, sehemu inayotengeneza kurasa, hudhoofisha yenyewe alama za HTML (lugha inayopanga ukurasa wa tovuti) zilizoandikwa na mtumiaji, ili mtu asipenyeze msimbo wake kupitia kisanduku cha jina. Kila fomu hudaiwa tokeni ya siri, alama ya kuthibitisha kwamba imetoka kwenye mfumo wenyewe, kabla ya kupokelewa, na nywila huhifadhiwa kwa bcrypt, njia ya kuzificha, si kwa maandishi ya wazi. Mabadiliko ya majedwali ya hifadhidata nayo huandikwa kwenye faili zenye tarehe. Hapo zamani nilikuwa nikiongeza safu kwa mkono moja kwa moja kwenye hifadhidata, na baada ya mwaka sikumbuki kwa nini niliiongeza. Sasa kijana yeyote atakayenipokea kazi hii anaweza kuusoma mfumo tangu siku yake ya kwanza bila kunipigia simu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni foleni. Mchuuzi anapopimiwa mzigo hutumiwa ujumbe mfupi wenye idadi ya kilo, na zamani mtandao ulipokatika wakati wa kutuma, ukurasa ulining'inia na karani akabonyeza tena, hivyo gunia moja likaandikwa mara mbili. Kwa Laravel, rekodi huhifadhiwa mara moja na kazi ya kutuma ujumbe huwekwa kwenye jedwali lake, na inaweza kujaribiwa tena ikishindikana. Seva ya kupanga hairuhusu programu kukaa macho muda wote, kwa hiyo niliweka ratiba ya kuiamsha foleni kila dakika moja, imalize kilichomo na kusimama. Tangu hapo sijapokea lalamiko hata moja la gunia lililoandikwa mara mbili.

Eloquent, sehemu inayozungumza na hifadhidata, inahitaji jicho kali. Ukurasa wa orodha ya magunia 300 ulikuwa ukiuliza jina la mchuuzi mara 300, swali moja kwa kila gunia, na msimbo wenyewe ulionekana msafi usio na kosa. Dawa ni kuomba majina yote kwa pamoja, na tangu toleo la 8 kuna swichi ya kuufanya mfumo ugome kila unapokuta uzembe huo. Naona ilistahili kuwashwa tangu mwanzo kwa kila mradi mpya.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nimetumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia. Laravel hukisia jina la jedwali kwa kugeuza jina la modeli, yaani sehemu ya msimbo inayowakilisha jedwali hilo, kuwa wingi wa Kiingereza, hivyo modeli yangu ya Mchuuzi ilitafutiwa jedwali liitwalo "mchuuzis". Kifaa chake cha kutengeneza wingi kinaweza kuelekezwa kwenye Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kinorwe au Kituruki, lakini Kiswahili hakimo, na ilibidi niandike "wachuuzi", "magunia" na "mizigo" kwa mkono katika kila modeli. Jumbe za makosa zilinisumbua zaidi. Mama mmoja wa kikundi alinigeuzia simu yake akaniuliza, "Mwanangu, hiki kimeniambia nini?" Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza wa kumwarifu kwamba hakujaza uzito. Nilipoanza kutafsiri niligundua kwamba kiolezo cha Laravel kina sentensi moja yenye nafasi ya jina la kisanduku, nayo Kiswahili hakiikubali: jina linahitajika, uzito unahitajika, bei inahitajika. Ngeli hubadilisha kitenzi, na kiolezo hakijui ngeli. Nilimaliza kwa kuandika "Tafadhali jaza" kisha jina la kisanduku, sentensi inayokwepa upatanisho wote. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, na leo makarani wanaelewa kila kinachoandikwa kwenye skrini.

Uzito wa kiunzi chenyewe ni kero. Maktaba zake hufika makumi ya megabaiti katika maelfu ya faili ndogondogo, na kuzipandisha moja moja kwenye seva kunamaliza bando na subira. Afadhali kuzifunga kwenye faili moja la zip na kulifungulia hukohuko. Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni kwamba Laravel inataka wageni waingie kupitia folda yake ya umma peke yake. Anayemwaga mradi mzima kwenye folda ya wazi ya seva anaweza kuanika faili la .env, lenye nywila ya hifadhidata, kwa mtu yeyote mwenye kivinjari.

CodeIgniter, kiunzi kingine cha PHP, ni nyepesi zaidi, nami ningeichagua kwa mfumo wa kurasa chache. Django, kiunzi cha lugha ya Python, ina ukurasa wa utawala ulio tayari ambao Laravel haina, ila seva za bei nafuu ninazozimudu zimeandaliwa kwa PHP. Kwa kikundi chenye karani, mhasibu, deni na ujumbe wa simu, nabaki na Laravel, na ninaipendekeza kwa yeyote aliye tayari kufuata kalenda yake: kila toleo hurekebishwa kasoro kwa miezi 18 na hulindwa kiusalama kwa miaka 2, basi. Toleo la 12 lilitoka Februari 2025. Nililihamia wakati wa mbalamwezi, mitumbwi mingi ikiwa imepumzika ufukweni, nikalijaribu kwenye nakala ya hifadhidata kwa siku mbili, na giza liliporudi makarani walipima mzigo bila kujua kwamba kitu chochote kimebadilika.