Swichi ya kuzima akili mnemba katika Firefox 148: tathmini ya mtumiaji

Tarehe 24 Februari 2026 Mozilla walitoa toleo la 148 la kivinjari cha Firefox, na katika mipangilio ya toleo la kompyuta wakaweka sehemu mpya inayohusu akili mnemba peke yake. Nimekuwa nikiitumia sehemu hiyo katika kazi zangu za kila siku, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 4 na inayopata intaneti kwa bando la simu. Naiona kuwa swichi iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingine zote nilizokutana nazo katika vivinjari vikubwa, na kwa sababu hiyo hiyo nasikitika kwamba Mozilla wameishia katikati ya safari: bado mtumiaji ndiye anayetakiwa kwenda kukataa, ilhali ilipasa aulizwe kwanza kama anakubali.

Swichi hii haikuja yenyewe. Mwezi Desemba 2025, Anthony Enzor-DeMeo alipoanza kazi ya ukurugenzi mtendaji wa Mozilla, alitangaza kwamba Firefox itageuzwa kuwa kivinjari cha kisasa cha akili mnemba. Watumiaji wa miaka mingi walikuja juu. Wengi wao walichagua Firefox kwa makusudi, wakaacha vivinjari vya kampuni kubwa, kwa kuwa walitaka programu inayofungua kurasa bila kujiingiza katika wanachosoma. Tangazo lile walilipokea kama kuvunjwa kwa makubaliano. Mozilla wakaahidi kwamba kutakuwa na njia ya kuzima kila kitu, na mwanzoni mwa Februari wakaeleza jinsi itakavyofanya kazi. Kabla ya hapo njia ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mafundi: ulipaswa kuandika about:config katika sehemu ya anuani, kukubali onyo kwamba unaweza kuharibu kivinjari, kisha kutafuta mipangilio yenye majina kama browser.ml.chat.enabled na kuigeuza mmoja mmoja. Mwalimu au karani wa mahakama hawezi kutarajiwa kuyajua hayo, wala hapaswi kulazimika kuyajua.

Sasa ukurasa ni mmoja. Juu kabisa kuna swichi ya kufunga huduma zote za akili mnemba, na chini yake zimeorodheshwa huduma zenyewe, kila moja na chaguo lake: tafsiri ya kurasa, maelezo ya picha ndani ya faili za PDF kwa ajili ya wasioona, upangaji wa vichupo katika makundi, muhtasari wa kiungo kabla hujakifungua, na chatiboti ya pembeni ambayo mtumiaji huichagua kati ya Claude, ChatGPT, Copilot, Gemini na Le Chat ya Mistral. Ukiwasha swichi ya juu, zote hufungwa kwa pamoja. Mozilla wameahidi mambo mengine mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko swichi yenyewe. La kwanza ni kwamba huduma zitakazobuniwa baadaye nazo zitakuta mlango umefungwa, na hakutakuwa na vidirisha vya kuzinadi. La pili ni kwamba uamuzi wako hautafutwa na sasisho. Mtu aliyezoea programu ambazo kila zikisasishwa hurudisha kile alichokizima ataelewa kwa nini nayasisitiza haya.

Huduma nilizofunga zimebaki zimefungwa, na tofauti niliiona mapema mahali ambapo sikuitegemea sana, yaani kwenye menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya. Hapo awali, ukichagua aya katika ukurasa na kubofya kulia, menyu ile ile yenye amri ya kunakili ilikuwa pia na mstari wa kupeleka maneno hayo kwa chatiboti. Kwa mtu anayesoma habari za michezo, mstari huo hauna madhara yoyote. Kwa anayeshughulikia barua za watu, matokeo ya vipimo vya hospitali au mikataba ya ardhi kupitia mifumo inayofunguliwa ndani ya kivinjari, mstari huo uko karibu mno na amri ya kunakili. Kidole kikiteleza, na kama chatiboti ilishachaguliwa na kufunguliwa akaunti, aya yenye jina na namba ya simu ya mtu imeondoka ofisini na kufika kwenye seva za kampuni iliyo nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtwika anayekusanya taarifa wajibu wa kuzilinda, na ni vigumu kuutimiza wajibu huo kwa chombo chenye mlango wa pembeni ambao mtumishi hakuuomba. Baada ya kufunga, mstari ule hauonekani tena, na menyu imerudi kuwa fupi.

Haki inadai niseme pia kwamba huduma hizi si za aina moja, na Mozilla wanastahili sifa kwa kuruhusu zitenganishwe. Tafsiri ya kurasa ni mfano mzuri. Ilitokana na mradi wa Bergamot, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuvishirikisha vyuo vikuu kikiwemo cha Edinburgh, ikaingizwa rasmi katika Firefox 118 mwaka 2023, na kazi yake yote hufanyika ndani ya kompyuta ya mtumiaji: kifurushi cha lugha hupakuliwa, kisha maneno ya ukurasa hayatumwi popote. Mimi husoma magazeti ya Kifaransa ya Kongo na Kifaransa changu ni cha kubahatisha, kwa hiyo nimefunga vyote kwa swichi ya juu, nikashuka chini na kuifungua tafsiri peke yake. Imekubali, na imebaki hivyo. Kadhalika maelezo ya picha kwa wasioona yana faida halisi kwa watu halisi, na sitamshauri mtu yeyote ayazime kwa hasira ya jumla dhidi ya akili mnemba. Anayefunga huduma za aina hii huondolewa pia vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, jambo ambalo mwenye diski ndogo atalifurahia.

Hata hivyo, mpangilio wa mwanzo ndio unaoamua watu wengi watatumia nini, kwa sababu walio wengi hawafungui mipangilio kabisa. Firefox ikisakinishwa leo, milango iko wazi na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuzunguka kuifunga. Ukurasa mmoja wa maswali siku ya kusakinisha, wenye majibu ya ndiyo na hapana yaliyoandikwa kwa ukubwa ule ule, ungetosha. Mozilla wenyewe wamesema kuna watu wasiotaka akili mnemba hata kidogo. Basi wawaulize wakiwa bado mlangoni.

Kasoro nyingine inahusu kile ambacho watumiaji watakitegemea. Swichi hii inatawala kivinjari tu, haitawali tovuti. Nilipomwonyesha jirani yangu ukurasa huu, swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini Google bado inamwekea majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji wakati kila kitu kimefungwa. Majibu yale hutengenezwa na Google na kuletwa kama sehemu ya ukurasa, kama picha na matangazo yanavyoletwa, na Firefox huuonyesha ukurasa kama ulivyoandaliwa. Anayetaka kuyaepuka ana njia nyingine: katika Google kuna kichujio cha matokeo ya wavuti pekee, kilichoanza Mei 2024, na DuckDuckGo, mtambo mwingine wa kutafutia, wana anuani ya noai.duckduckgo.com inayotafuta bila majibu wala picha za akili mnemba. Ukiiweka hiyo kuwa mtambo wako wa kutafutia ndani ya Firefox iliyofungwa, utapata intaneti iliyo karibu sana na ile tuliyoizoea zamani.

Nimelinganisha na wengine, ingawa kwa ufupi. Chrome ilianza kuweka Gemini ndani ya kivinjari kwa watumiaji wa kompyuta nchini Marekani mwezi Septemba 2025, na udhibiti wake umetawanyika katika vitufe mbalimbali badala ya kuwa na swichi moja inayobeba yote. Maelezo ya Google kwa watengenezaji wa programu yanasema Gemini Nano, modeli (yaani akili mnemba yenyewe) inayofanya kazi ndani ya kompyuta, huhitaji nafasi tupu ya GB 22 kabla ya kupakuliwa, na kwamba huondolewa nafasi ikishuka chini ya GB 10. Kompyuta nyingi ndogo za huku kwetu zitasalimika kwa sababu ya uhaba wa nafasi, na hilo si sawa na mwenyewe kuulizwa. Microsoft nao wameifanya Copilot kuwa sehemu ya sura ya Edge, kivinjari chao. Vivaldi, kivinjari kilichoanzishwa na Jon von Tetzchner, kilitangaza Agosti 2025 kwamba hakitaweka chatiboti wala muhtasari wa akili mnemba kwa sasa. Anayetaka kivinjari kisicho na kitu cha kuzima ana mahali pa kwenda, na nadhani msimamo huo ni miongoni mwa yaliyowakumbusha Mozilla kwamba watumiaji wao wanaweza kuhama.

Upungufu unaotugusa zaidi sisi ni simu. Sehemu hii mpya ilianzia kwenye kompyuta, wakati wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huingia intaneti kwa simu, na kwa bando linalohesabiwa kwa MB. Anayelipia kila kinachopakuliwa ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuulizwa kabla modeli haijashushwa kwenye kifaa chake. Katika simu, ukurasa huu ulipaswa kufika siku ile ile uliyofika kwenye kompyuta, na mpaka simu ipewe ukurasa kamili kama huu sitaipa Firefox alama zote.

Kwa kompyuta, naipendekeza bila kusita, hasa kwa shule, zahanati na ofisi za sheria. Kitengo cha TEHAMA hakilazimiki kupita meza kwa meza, kwa kuwa Firefox hukubali sera za usimamizi zinazotumwa kwa kompyuta nyingi kwa pamoja, na huduma za akili mnemba ni miongoni mwa yanayoweza kufungwa kwa njia hiyo. Wafunge vyote, warudishe tafsiri na maelezo ya picha kwa wanaoyahitaji, na kabla ya kumkabidhi mtumishi kompyuta wafungue ukurasa wowote, wachague aya moja, wabofye kulia na kuhakikisha kwamba mstari wa chatiboti haupo.